Mbele ya kununua sanduku la kuchaji motokari, kwangua kwanza fili ya nyumba yako



Leo nataka kusema juu ya moto uliokuwa karibu kuua familia moja mu kartie yetu, hapa Kolwezi. Mwenzetu mmoja wa kipe ya usiku, dereva wa mashini kubwa mu karieri, alinunua motokari ya umeme. Ilitoka China, ilikuwa imekwisha kutumika miaka tatu. Alilipa kwa feza ya likelemba na deni kidogo juu yake. Wengine walimcheka, wengine walimsifu. Yeye alikuwa amefanya hesabu yake: kila siku kilometa 30, kwenda na kurudi kazini, na bei ya esansi tunaijua wote. Mimi sikuona kosa mu hesabu ile.

Motokari ilikuja na kebo yenye kasanduku katikati. Aliichomeka mu prizi ya chumba cha watoto, kwa sababu njo prizi iliyokuwa karibu na dirisha. Akaongeza ralonje ya mita 10, ikapita chini ya mukeka. Usiku wa tatu, yeye akiwa kazini, mama wa nyumba akasikia harufu. Prizi ilikuwa imeyeyuka, ukuta umekuwa mweusi, mukeka umeanza kushika moto. Mama akatosha watoto, akazima umeme ku konteri, akamwaga mchanga. Tunashukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Godoro moja na mapazia viliungua, basi.

Asubuhi baba akaja kwangu na mikono yenye masizi. Akasema: «Delege, kale kasanduku iko mubaya. Unitajie sanduku la kweli, lile la kutundika ku ukuta. Lipi iko muzuri?»

Nikamwambia: «Papa, ngoja kidogo. Tuangalie kwanza fili.»

Tukazima konteri, tukafungua ile prizi, nikakwangua fili kwa kisu. Inje ilikuwa nyekundu kama shaba. Ndani ilikuwa nyeupe. Aluminiumu iliyopakwa shaba kidogo juu. Muuzaji alimwambia ni shaba, naye akalipa bei ya shaba. Wandugu, mu muji huu makamyoni yanatoka kila siku na shaba kwenda Kasumbalesa, na baba anayechimba shaba ile alikuwa analaza watoto wake kando ya fili ya aluminiumu. Njo maana nimekamata kalamu.

Mawazo yangu nitayasema wazi tangu mwanzo. Kwa mfanyakazi wa mgodi, sanduku nzuri la nyumbani ni lile dogo, lenye kukubali kupunguzwa nguvu, lililofungwa ku fili ya kweli. Na kazi kubwa ya kuchaji inapashwa kufanyika kazini, ku umeme wa kampuni. Mambo haya mawili yaende pamoja, na la pili ni kazi ya sindika.

Ninajua mtu atasema: «Delege, nani kati yetu ananunua motokari ya umeme? Sisi tunatafuta feza ya posho.» Neno lake ni la haki. Lakini wakubwa wa kipe wameanza kununua, na pikipiki za umeme nazo zinakuja. Tena, hata wewe ambaye hautanunua kamwe, unakaa ku kabine moja na yule anayenunua. Akiunguza kabine, friji yako na taa ya mtoto wako anayesoma vitazima pamoja na vyake. Kwa hiyo jambo hili ni letu wote.

Sasa tuingie mu mambo yenyewe, moja kwa moja.

La kwanza, lile sanduku la ukutani haliko chaja. Chaja ya kweli imo ndani ya motokari. Inakamata umeme wa nyumba na kuugeuza upate kuingia mu batri. Sanduku linapitisha tu umeme, linaongea na motokari, linaiambia: «Unaruhusiwa kukamata ampere kiasi hiki, usipite.» Kama chaja ya motokari yako inakubali kilowati 3 tu, hata ukifunga sanduku la kilowati 11, itakamata kilowati 3. Feza yako itakuwa imepotea. Kwa hiyo, mbele ya kwenda sokoni, soma karatasi ya motokari, au uombe aliyekuuzia aandike: inakubali kilowati ngapi, na kwa fazi moja ao tatu.

La pili, mdomo wa kebo. Motokari zilizotengenezwa kwa soko la ndani ya China zina mdomo wa China. Zile zilizotengenezwa kwa Ulaya zina mdomo wa Ulaya. Kwa macho vinafanana, lakini haviingiliani. Ukinunua sanduku kwa mtandao bila kuangalia hilo, litabaki mapambo ya ukuta.

La tatu, nguvu. Hapa njo watu wengi wanadanganywa, maana muuzaji anapenda kuuza kubwa. Tufanye hesabu kama tunavyohesabu saa za ziada. Motokari ya kawaida ya umeme inakula kadiri ya kilowati-saa 15 mpaka 20 kwa kilometa 100. Kilometa 30 za mwenzetu ni kama kilowati-saa 6. Kuchaji kwa ampere 10 ku volti 220 kunatoa kilowati 2 na kidogo. Kwa hiyo saa 3 zinatosha kurudisha kile alichokula kwa siku. Saa tatu tu! Na motokari inalala saa nane ao kumi mu parsele. Sanduku la ampere 32, lile la kilowati 7, lingefanya kazi ile mu saa moja, halafu lingelala pamoja na motokari mpaka asubuhi. Unalipa bei kubwa juu ya nini?

Nunua lile la ampere 16, ambalo unaweza kulishusha mpaka 10, 8, hata 6. Kushuka huko kuna maana kwetu kuliko vitu vingine vyote vinavyotangazwa. Mambo ya kuliongoza kwa telefone na rangi za kioo, uache. Kitu cha kuuliza ni hiki: linashuka mpaka ampere ngapi, na linabaki pale nilipoliweka hata umeme ukikatika na kurudi? Kama linarudi juu peke yake, liache dukani.

La nne, na hili njo lililounguza prizi: fili. Mu nyumba zetu nyingi, fili ya taa ni milimeta 1.5 na ya prizi ni 2.5, kama fundi alikuwa mwaminifu. Pasi inafanya kazi dakika 20 halafu inapumzika. Motokari inavuta masaa mengi bila kupumzika, na fili haipati nafasi ya kupoa. Tena joto haliongezeki sawa na ampere. Ukiongeza ampere mara mbili, joto mu fili linaongezeka mara nne. Wale wa atelye ya umeme wanajua sheria hii. Wengine tuikamate vile vile: mara mbili ni mara nne.

Kwa sanduku la ampere 16, vuta fili yake peke yake kutoka ku konteri, shaba ya milimeta 4, bila kuunganishwa na prizi ingine hata moja. Fundi wa haraka atasema 2.5 inatosha. Inaweza kutosha ikiwa fupi, ikiwa shaba safi, ikiwa imepita fasi yenye hewa. Nyumba zetu zina paa la mabati na joto chini yake, kwa hiyo weka 4. Kwa ampere 32 usishuke chini ya 6, na kama parsele iko refu, weka 10. Na ralonje, hapana. Hata ile nene. Ralonje iliyozungushwa juu ya boba lake inajipasha yenyewe kama jiko.

La tano, ulinzi. Kila fili ya kuchaji iwe na disjonktere yake, pamoja na kile kifaa mafundi wanaita diferansieli, cha miliampere 30. Hicho njo kinakata umeme wakati unatoroka kupitia mwili wa mtu. Ukinunua, uulize kama kinafaa kwa motokari ya umeme. Motokari inaweza kuvujisha umeme wa aina ya batri, na diferansieli ya kawaida inapofuka mbele ya umeme ule. Masanduku mengine yana ulinzi huo ndani. Iandikwe ku karatasi, usiridhike na maneno ya mdomo.

Halafu fili ya udongo. Wandugu, tuseme ukweli. Mu nyumba ngapi za kartie zetu kuna fili ya udongo ya kweli? Prizi ina matundu matatu, lakini nyuma ya tundu la tatu hakuna kitu. Motokari imesimama ku mipira ya magurudumu. Kama chuma chake kimeshika umeme na hakuna njia ya kushuka mu udongo, njia itakuwa mtoto anayegusa mlango akiwa na miguu mitupu mu matope. Masanduku mengi mazuri yanakataa kuchaji kama hayaoni udongo. Fundi mubaya anajua kuyadanganya kwa kuunganisha fili mbili. Fundi wa namna hiyo umfukuze mu parsele. Apige nondo ya kweli mu udongo, apime kwa mashini, akuonyeshe namba. Kwa wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mukavu, apime tena. Na kwa sababu mvua zetu zinakuja na radi, aweke na kikinga-radi karibu na konteri. Sanduku lenyewe liwe la kufungwa vizuri, maji na mavumbi visiingie. Mavumbi ya Kolwezi tunayajua, yanaingia hata mu sahani yenye mufuniko.

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011, fuzi ya nyumba yangu ilikuwa inakatika kila mangaribi. Niliweka musumari pahali pake. Musumari haukukatika tena, na mimi nilijiona fundi. Siku moja fili ya plafo ikaanza kutoa moshi. Kazini, mbele ya kugusa mashini yoyote, ninaweka kadena yangu, ninaandika jina langu, ninaweka ufunguo mu mufuko. Nyumbani niliweka musumari. Kazini tunajilinda kwa sababu kuna mtu wa usalama anayetuangalia. Nyumbani watoto wetu hawana mtu wa usalama, tuko sisi tu.

La sita, umeme wenyewe. Mangaribi kila mtu akirudi na kuwasha, volti zinashuka. Mimi nimepima 170 ku prizi yangu. Kwa volti kama zile, masanduku mengine yanakataa, na yale yanayokubali yanaendelea kuvuta ku kabine iliyochoka. Kamata mufano wa kabine ya kilowati 150 inayolisha nyumba 200. Motokari 10 zikichaji pamoja kwa kilowati 7, ni kilowati 70. Karibu nusu ya kabine imekwenda kwa nyumba 10. Zikichaji kwa kilowati 2, ni 20 tu, na zikianza saa tano za usiku wakati watu wamelala, hakuna atakayelia. Kwa hiyo kuweka sanduku ku ampere 8 usiku ni heshima kwa jirani. Mwenye feza asiseme «ninalipa umeme wangu». Kabine ni ya wote.

Wengine wanasema: delestaje ikija, nitachajia ku grupu. Hesabu inakataa. Grupu ndogo ya esansi inatoa kati ya kilowati-saa 1 na 2 kwa litre moja. Umeme huo utakusogeza kilometa 10 hivi, wakati motokari ndogo ya kawaida, kwa litre ile ile, inakwenda mbali zaidi. Umenunua motokari ya umeme upate kuchoma esansi mingi kuliko mbele! Jua ni afadhali. Panele nne za wati 500, mu kiangazi chetu, zinaweza kutoa kile anachokula mwenye kilometa 30. Lakini angalia saa: jua linawaka mchana, na mchana motokari iko ku parkingi ya kazi.

Hapo njo tunafika ku neno kubwa. Motokari zetu zinapumzika saa nane mpaka kumi na mbili kila siku mu viwanja vya kampuni. Pale kuna umeme wenye nguvu, mafundi waliosoma, fili ya shaba ya kweli, udongo uliopimwa. Juu ya nini tukalazimishe kabine ya kartie na ukuta wa chumba cha watoto?

Tukumbuke historia kidogo. Mstari wa Inga mpaka Kolwezi, kadiri ya kilometa 1,700, ulianza kufanya kazi mwaka 1982. Ulijengwa kuleta umeme ku migodi ya Shaba, na ulipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja. Mwadingusha, iliyofunguliwa mwaka 1930, ilitengenezwa upya kwa feza ya mgodi wa Kamoa, na tangu mwaka 2021 inatoa tena megawati 78. Sisemi mubaya juu ya kazi ile. Mgodi bila umeme unasimama, na sisi tunasimama nao. Nasema tu kwamba wakati mgodi unahitaji umeme, njia inapatikana. Basi njia ipatikane hata kwa yule anayechimba.

Watu wanapenda kusema: «Motokari za umeme ni kobalti ya Kongo.» Tuangalie vizuri. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, hiyo ni kweli. Lakini motokari mingi za China leo zina batri za chuma na fosfati, bila kobalti hata gramu moja. Yule mwenzetu anaweza kuwa anaendesha motokari isiyo na kobalti yetu. Shaba, hata hivyo, imo mu kila moja: kadiri ya kilo 80, mara tatu na zaidi ya ile ya motokari ya esansi. Na imo mu kila kebo, kila kabine, kila sanduku la ukutani. Hoja yetu isimame juu ya shaba na juu ya kazi yetu, maana hiyo haitageuka kesho wakati wenye viwanda watageuza batri.

Kwa hiyo naomba wadelege wenzangu tupeleke mambo manne mbele ya wakubwa, wakati wa mazungumzo ya konvansyo.

Kwanza, prizi za kuchaji ku parkingi ya wafanyakazi, za ampere 16, zenye ulinzi. Zianzie kwa pikipiki na motokari chache, na kila mtu alipe umeme wake kwa bei inayojulikana. Hatuombi zawadi.

Pili, mafundi wa umeme wa kampuni wapewe siku kadhaa mu mwaka za kupima nyumba za wafanyakazi: udongo, disjonktere, fili. Hata kwa asiye na motokari. Ajali ya nyumbani inaleta mfanyakazi asiyelala kazini, na mfanyakazi asiyelala anaendesha kamyo ya tani 100.

Tatu, sindika inunue fili ya shaba ya kweli kwa pamoja, tuigawanye kwa bei ya jumla. Mtu mmoja mbele ya muuzaji hana nguvu. Watu 500 wanaweza kukwangua fili mbele ya kulipa.

Nne, Kodi ya Migodi ilivyogeuzwa mwaka 2018 inaamuru kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Wale wanaokaa kwa jina letu mu vikao vile waulize: kabine ngapi zimewekwa? Kartie yenye watu mara mbili kuliko zamani, ikiwa na kabine ile ile, ni kazi ya maendeleo kabisa.

Najua jibu la wakubwa: «Motokari hizo ziko ngapi? Tungoje ziwe mingi.» Jibu langu ni kwamba fili inavutwa mbele ya mashini kuletwa. Hakuna mtu anayejenga barabara ya karieri baada ya makamyo kufika. Na najua neno la wenzetu: «Mishahara kwanza.» Kweli, mishahara kwanza. Lakini prizi ya parkingi haikati mshahara wa mtu, na moto mu nyumba unakata kila kitu.

Mwenzetu alifanya namna gani mwishoni? Kale kasanduku kake ka zamani kalikuwa kazima, tulikapima. Kanashuka mpaka ampere 8. Hakununua lingine. Feza aliyotaka kupoteza ku sanduku kubwa, aliitia mu fili ya milimeta 4, nondo ya udongo, diferansieli, na prizi nzito ku ukuta wa inje, mbali na chumba cha watoto. Anachaji kuanzia saa tano za usiku. Mama ameweka ile prizi iliyoyeyuka juu ya kabati, na mtu akija kuuliza juu ya motokari, anamuonyesha kwanza prizi.

Wandugu, Jumapili hii mwite fundi unayemwamini. Zimeni konteri, fungueni prizi moja, kwangueni fili. Ikiwa nyekundu mpaka ndani, mushukuru. Ikiwa nyeupe, musichomeke motokari pale hata siku moja, na mutuletee kipande chake ku ofisi ya sindika. Tutavikusanya, tuviweke juu ya meza siku ya mazungumzo.